Maji Yaliyopanda Ukuta wa Ndani

Niliporudi Amu kutoka skuli ya Unguja, kitu cha kwanza nilichoonyeshwa nyumbani hakikuwa chakula wala kitanda. Lilikuwa doa. Shangazi yangu, dada wa baba, aliyetulea mimi na dada yangu tangu mama afariki, alinishika mkono kabla sijavua viatu akanivuta hadi ndani. Kwetu Amu neno hili ni jina la chumba: ndani ni chumba cha mwisho kabisa cha nyumba, chumba cha wanawake, na ukuta wake mkubwa umechongwa zidaka, vile vishubaka vya chokaa vinavyopangwa sahani na mabakuli. Hapo ndipo bibi harusi huketishwa ili atazamwe. Na hapo, chini ya zidaka, ukuta ulikuwa umelowa kutoka sakafuni hadi usawa wa magoti yangu, rangi ya chai iliyomwagika, na ukingo wa juu wa doa ulikuwa na unga mweupe, kama mdomo wa mtu aliyekula mkate akasahau kujifuta.

"Umesoma," akasema shangazi. "Haya, soma hili."

Mimi ni mtu wa kufikiri sana. Hayo ni maneno yangu; shangazi husema natafuna mfupa usio na nyama. Nilisimama mbele ya doa lile nikafikiri kwamba dari linavuja. Kisha nikafikiri kwamba dari haliwezi kuvuja kuanzia chini. Kisha nikafikiri kwamba huenda bahari imepata njia chini ya mji mzima na sisi ndio wa kwanza kujua, na kwamba ni wajibu wangu kuwaonya majirani, na nitawaonyaje bila kuonekana nimerudi na kichaa cha Unguja. Nilipogeuka kumuuliza shangazi, alikwisha kwenda zake kupika.

Doa lenyewe lisingekuwa na uzito kama si harusi ya dada yangu. Alikuwa ameposwa na kijana wa familia ya mtaa wa pili, kijana mpole mwenye sauti nzuri ya kusoma Kurani, na harusi ilipangwa mwezi wa Shaaban, kabla ya Ramadhani kuingia. Ilikuwa imeshaahirishwa mara moja kwa sababu ya msiba. Ikiahirishwa tena, watu wa mji wangeanza kusema, na watu wa mji wakianza kusema, posa hufa bila ya mtu kuiua. Dada yangu alilijua hilo kuliko sisi sote, ingawa hakulitaja.

Nalo jambo lilikuwa gumu kwa namna yetu sisi. Kwa desturi za nyumba kama zetu, si mke anayehama. Baba humpa binti yake nyumba, au upande wa nyumba, na mume huja na kasha lake la nguo akahamia. Kwa hiyo watu wa mume, kabla ya harusi, huja kuitazama nyumba kama vile watu wa kwingine wanavyokwenda kumtazama bibi harusi. Huja kwa upole, na kahawa, na sifa nyingi, na macho yao hayaachi kona.

Baba yangu alikuwa na dawa moja ya doa lile, nayo ni chokaa. Kila mwaka, Maulidi yakikaribia, humwita fundi. Ukuta hupigwa lipu nene, hulainishwa mpaka hung'aa kama yai. Baada ya miezi kadhaa doa hutokeza juu ya lipu mpya, na kila mwaka hutokeza juu kidogo kuliko mwaka uliotangulia. Baba aliliona jambo hilo kuwa ni ukaidi tu, akazidisha chokaa.

Mtu aliyekuja kututazamia nyumba ni halati wa kijana, dada wa mamake marehemu. Ndiye aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa, hana mtoto mwingine, na mume wake alifariki zamani. Sote tulimwita Bi Mkubwa. Siku aliyokuja mimi sikuwapo pale, kwa kuwa mwanamume wa makamo yangu hakai chumba kimoja na wanawake wa watu. Lakini dada yangu alikuwa nyuma ya pazia, na aliyoyasikia alinisimulia kwa sauti zao wote wawili.

Shangazi alikuwa amesukuma kasha kubwa la shaba mbele ya doa, na juu yake akaweka sinia, na juu ya sinia mrashi na maua ya asumini, mpaka pale palikuwa kama kaburi la walii. Bi Mkubwa aliketi, akanywa kahawa, akasifu zidaka, akasifu dari, akasifu upepo. Kisha akasema, "Kasha hili zuri. Hebu lisogezeni niyaone maguu yake."

"Lina maguu ya kawaida, Bi," akasema shangazi.

"Mimi napenda maguu ya kawaida."

Kasha likasogezwa.

"Ukuta wenu walia," akasema Bi Mkubwa.

"Haulii, Bi. Ni jasho tu. Joto la mwezi huu."

"Jasho hutoka tini? Mimi jasho hunitoka kichwani." Akainuka, akagusa ukuta kwa kidole kimoja, akakinusa. "Humu mna mtu."

Hakuhitaji kutaja neno jini. Alipokuwa akivaa buibui lake alisema, kwa adabu yote, kwamba mwanawe hataingia nyumba hii mpaka mtu huyo awe ametoka, na kwamba ikiwa Shaaban itapita, basi itapita, hakuna haraka.

Dada yangu alinipata kwenye daka, kibaraza cha mlangoni, nikifikiri. "Kaka," akasema, "hicho ulichosoma Unguja kina kazi gani?"

Hilo lilikuwa swali nililojiuliza mwenyewe kila siku tangu nishuke chomboni. Lakini mara hii nilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa limefungwa ndani ya mkeka. Mwalimu wetu wa maumbile, siku tulipomaliza masomo, alinipa mirija mitatu ya kioo: mmoja mnene kama kidole, mmoja kama bua la unyasi, na mmoja mwembamba kiasi kwamba ukiuangusha huupati. Nililala nao safari nzima nikiogopa kuuvunja, na pia nikiogopa kwamba hofu yangu ndiyo itakayouvunja.

Nilitia mirija yote katika bakuli la maji. Dada yangu akainama. Katika mrija mnene maji yalipanda kidogo tu pembeni, katika wa pili yakapanda kiasi cha pingili ya kidole, na katika ule mwembamba yakakimbia juu mpaka akacheka.

"Yapanda kama panya! Nani anayavuta?"

"Hakuna anayevuta. Maji hupenda kushika. Yakigusa kioo hukishika na kukipanda, na yaliyopanda huyavuta yenziwe, kwa kuwa maji hayapendi kuachana. Mrija ukiwa mpana, mzigo wa maji katikati ni mkubwa na kioo kiko mbali. Hupanda kidogo yakachoka. Ukiwa mwembamba, mzigo ni mdogo na kioo kiko karibu kila upande. Hupanda mbali. Ndivyo mafuta yanavyopanda utambi wa taa, hata taa ikiwa imejaa nusu."

"Na ukuta wetu una mirija?"

"Ukuta wetu ni matumbawe. Jiwe la matumbawe ni mirija mitupu, myembamba kuliko nywele zako. Ardhi ya chini ina maji, maji yana chumvi, basi hupanda. Yakifika juu hukauka yakaacha chumvi. Ule unga mweupe ni chumvi."

"Na jini?"

"Hakuna kazi ya jini hapo."

"Basi mwambie Bi Mkubwa."

"Mimi?"

"Nani mwingine hapa aliyesoma?"

Bi Mkubwa alikubali kuja. Sidhani alikuja kwa ajili ya elimu. Alikuja kwa sababu katika umri wake wote hakuna aliyewahi kumwalika kutazama maji.

Sasa ieleweke jinsi nilivyofundisha somo langu la kwanza duniani. Wanafunzi wangu, yaani Bi Mkubwa na shangazi, walikuwa ndani na vifaa vyote. Mimi nilikuwa upande wa pili wa pazia zito jekundu, nimekaa sakafuni, sioni chochote. Dada yangu alikuwa kando yangu, kwani naye, akiwa mchumba, hatakiwi kuonekana na watu wa mume. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kufungulia, nikayasahau, nikaanzia katikati.

"Shangazi, tia mrija mnene kwanza."

"Nimetia."

"Yamepanda?"

"Yamepanda nini?"

"Maji."

"Mbona yako tini mle mle bakulini?"

"Ndani ya mrija, shangazi. Tazama ndani ya mrija."

"Ee. Kidogo. Kiasi cha ukucha."

"Sasa tia ule mwembamba."

"Ule mwembamba siuoni. Bi, umeukalia?"

Kukawa na mtikisiko wa nguo, kisha sauti ya Bi Mkubwa ikasema kwamba yeye hakalii vitu vya watu, na mrija ukapatikana kwenye sinia. Ukatiwa majini.

"Subhanallah," akasema Bi Mkubwa.

Nilieleza. Nilieleza vizuri sana, nikionyesha kwa mikono jinsi maji yanavyopanda, mpaka dada yangu aliponifinya akaninong'oneza kwamba pazia haliangalii mikono yangu. Nikamwambia shangazi aweke kipande kikavu cha tumbawe ndani ya kisahani chenye maji ya zafarani, na nikangoja. Sikuona kitu, lakini nilisikia wanawake wawili wazima wakisogea karibu karibu sakafuni.

"Jiwe lanywa," akasema Bi Mkubwa.

"Lina kiu," akasema shangazi.

"Lageuka manjano hatta juu! Hebu." Na kabla ya mtu kumzuia, Bi Mkubwa alichovya ncha ya leso yake nyeupe katika kisahani kile ili aone kama nayo ina kiu. Ilikuwa nayo. Zafarani ikapanda leso polepole, na yeye akacheka kicheko cha msichana, akasema, "Tazama, tazama, yaja mkononi!" Nami nyuma ya pazia nilijiona mwalimu. Nilianza hata kupanga nitakavyosimulia siku hii nikizeeka.

"Kijana," akaita.

"Naam, Bi."

"Kwa hiyo ukutani mwenu hamna jini."

"Hamna, Bi."

"Una hakika?"

"Nina hakika." Sina hakika kama nimewahi kusema neno hilo kabla ya hapo.

"Na maji haya huchoka?"

"La, Bi. Maadamu chini kuna maji na juu kuna mirija, hayachoki." Dada yangu alinifinya tena, lakini nilikuwa nimeshika kasi. "Usiku na mchana, Bi. Mwaka hadi mwaka. Ndiyo maumbile yake."

Nikasikia kisahani kikisogezwa kando.

"Basi ni bora lingekuwa jini," akasema Bi Mkubwa. "Jini hufukizwa udi. Jini husomewa, hupewa sinia yake, akenda zake. Haya maji yako yafukizwa nini?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na kurasa nzima kichwani kuhusu upana wa mirija. Hakuna ukurasa uliotaja udi.

"Mwanangu ana kifua," akaendelea, na sasa sauti yake haikuwa na mzaha. "Tangu mdogo hukohoa. Simleti alale na ukuta unywao maji usiku na mchana. Nilikuja nikidhani ni jini, nikasema jini tutaliondoa. Nimesomeshwa sasa. Ahsante, kijana."

Akaondoka, akaisahau leso yake ya manjano juu ya sinia.

Shangazi alipolivuta pazia, alinitazama kama mtu anayetazama samaki aliyechina akanuka. "Tulikuwa na jini mmoja," akasema. "Hali, hanywi, hana neno na mtu. Wewe umemfukuza ukatuletea maji ya milele."

Baba aliposikia hakugomba. Alisema tu kwamba laiti lingebaki jini, angekuja mwalimu na chetezo chake, tukafukiza, tukala halwa, yakaisha. Kisha akaenda kumwita fundi wa lipu. Dada yangu alikaa kwenye kasha la shaba, akaokota leso ya Bi Mkubwa akaikunja, akaikunjua, akaikunja. Nilijua analolifikiri: Shaaban ilikuwa imekwisha kuandama. Nami nilianza kumwomba msamaha kwa namna yangu, yaani kwa kueleza kwa urefu kwa nini kila nililosema lilikuwa sahihi.

"Nyumba ya Bi Mkubwa imejengwa kwa nini?" akanikatiza.

"Matumbawe."

"Juu ya nini?"

"Juu ya nti hii hii. Wao wako karibu na pwani kuliko sisi."

"Na hupiga lipu?"

"Kila mwaka. Huwa anajisifu—"

Hapo ndipo nilipofikiri, na mara moja katika maisha yangu kufikiri kwingi kulizaa kitu. Maji yaliyopanda ukutani hutafuta pa kutokea. Ukuta ukiwa wazi, hutoka kwa mvuke chini chini, karibu na sakafu, na doa likabaki dogo. Ukiufunika kwa lipu nene iliyolainishwa, maji hukuta mlango umefungwa; hayarudi, huendelea kupanda mpaka yapate pa kutokea. Mwaka unaofuata ukifunika tena juu zaidi, yatapanda zaidi. Baba alikuwa akilifukuza doa kuelekea juu, mwaka baada ya mwaka, kwa mkono wa fundi wake. Na mtu aliyepiga lipu miaka mingi kuliko baba, katika nyumba iliyo karibu na maji kuliko yetu, doa lake litakuwa limefika wapi?

Nilikimbia nikamkuta fundi amekwisha koroga chokaa. Ilinibidi nisimame mbele ya ukuta na mikono nimeitanua, jambo ambalo fundi alilichukua kuwa ni maradhi. Baba alisikiliza. Sijui kama alielewa au alichoka tu, lakini chokaa ikamwagwa, na badala ya kuongeza lipu tuliibandua. Nyuma ya ukuta ule palikuwa na gofu la nyumba iliyoanguka zamani, na kwa miaka udongo na taka vilikuwa vimelundikana juu ya msingi wetu. Tulichimba tukauondoa udongo ule, na mahali pake tukajaza mawe makubwa makavu, yenye nafasi pana katikati ambazo maji hayawezi kuzipanda. Majirani walikuja kutazama. Baba aliwaambia tunatafuta mali ya mababu, kwa sababu hilo lilikuwa rahisi kuamini.

Kuhusu nyumba ya Bi Mkubwa, mimi nisingeweza kuingia ndani kwake. Ikabidi atumwe shangazi, na sababu tulikuwa nayo: kurudisha leso.

"Na ukifika," akasema dada yangu, "uegemee ukuta."

"Mimi siegemei kwa watu. Nimefundwa kukaa wima."

"Zeeka kidogo, shangazi. Kwa saa moya tu."

Shangazi alikwenda akiwa ameudhika. Alirudi akitembea kwa uangalifu kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa pomoni. Akaingia ndani, akafunga mlango, akatugeuzia mgongo.

Buibui lake jeusi lilikuwa limelowa mgongo mzima, na juu, kwenye mabega, palikuwa na mstari mweupe wa chumvi, umenyooka kama uliopigwa kwa rula.

"Kitanda chake kirefu," akasema shangazi bila kugeuka. "Kimesukumwa ukutani, na ukutani umetundikwa mkeka mzuri wa rangi. Nikaegemea mkeka. Nikasema, hawa wana mkeka wa baridi. Nikajisogeza, mkeka ukajisogeza nami, nikaona nyuma. Nikisimama, doa lao lanifika kifuani. Na kitanda kile ndicho alichokilalia kijana tangu mtoto. Bi Mkubwa aliniambia mwenyewe, wala hakujua amesema nini."

Sasa naweza kusema tulicheka. Dada yangu alijitupa kitandani akauma mto. Lakini mimi nilikuwa nimeshaingia katika shida nyingine: tutamwambiaje? Hakuna mtu Amu anayeweza kumwambia mwanamke wa nyumba kubwa kwamba ukuta wake umelowa. Nilitunga maneno. Nikaanza na "Inasemekana kwamba katika baadhi ya majumba." Nikayafuta. Nikatunga mengine yaliyoanza na maisha ya Nabii Nuhu. Shangazi alinisikia nikiyajaribu kwa sauti, akasema, "Wewe nyamaza. Buibui sitalifua."

Bi Mkubwa hakukawia kuja mwenyewe, kwa kuwa aliambiwa tunabomoa nyumba. Tulikaa mahali petu, mimi na dada yangu, nyuma ya pazia jekundu. Nilisikia salamu, nikasikia kahawa ikimiminwa. Nilisikia Bi Mkubwa akisema kwamba doa letu analiona limeshuka kidogo, labda ni macho yake. Kisha sauti ikakatika ghafla.

"Ni nini?" nikamnong'oneza dada yangu. Alikuwa ameweka jicho kwenye tundu la pazia.

"Shangazi ametundika buibui ukutani. Mgongo umetazama mbele."

Nikatafuta tundu langu mwenyewe, sikuliona.

"Niwie radhi, Bi," tulimsikia shangazi akisema, kwa sauti tamu ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani. "Buibui langu halijakauka. Sijui hata nililiroweshea wapi."

Nikahisi wajibu wangu umefika, nikafungua mdomo. "Inasemekana kwamba—" Dada yangu akaniziba kwa kiganja, akanisukuma pembeni, akasema yeye mwenyewe, kwa sauti ya wazi:

"Bi Mkubwa, nakushika miguu."

Mchumba hasemi. Mchumba husemewa. Nilisikia kikombe kikiwekwa chini.

"Nami pia nina hofu na kifua chake," akasema dada yangu. "Sina raha tangu siku ile uliyotuambia. Ukuta wetu uliokuwa magotini sasa washuka, kwa kuwa tumeuondolea lipu na udongo. Basi nilikuwa nataka kukuomba aje huku upesi, kabla kifua chake hakijazidi huko aliko."

Nilimsikia Bi Mkubwa akigeukia pazia.

"Huyu ndiye anayemchukua mwanangu?" akauliza Bi Mkubwa.

"Ndiye," akasema shangazi.

"Ana ulimi."

"Twaufundisha kujificha, Bi. Haukubali."

Na Bi Mkubwa akacheka. Alianza polepole, kwa puani, kisha akacheka mpaka shangazi naye akashindwa, na wawili wao wakawa wanapigana mapaja. Kicheko kilipokwisha alivuta pumzi, na alipoanza tena kusema hakuwa akimwambia mtu yeyote, au labda alikuwa akituambia sisi tulio nyuma ya pazia.

"Nilijua. Tangu siku ya jini nilijua ni maji tu, kwani kwangu yako. Lakini nikasema, wacha. Likiwa jini, mwaka wende. Yakiwa maji, mwaka mwingine wende. Nyumba yangu ina vyumba vingi, na yeye ndiye anayesoma asubuhi ikasikika hatta jikoni. Akitoka, nitabaki mimi na ukuta."

Mimi, niliyekuwa nimeyafikiria maji, na chokaa, na matumbawe, na bahari chini ya mji, sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja.

Dada yangu aliondoa kiganja chake mdomoni mwangu. Alikuwa amekisahau hapo.

"Ijumaa ni yangu," akasema Bi Mkubwa. "Kila Ijumaa, akitoka msikitini, hula kwangu."

"Ijumaa ni yako, Bi," akajibu dada yangu. "Lakini arudi kabla ya alasiri. Nikimsikia anakohoa nitajua umemkalisha kitandani."

Walioana Shaaban ile ile. Shemeji yangu alihamia na kasha lake na sauti yake, na asubuhi nyumba yetu ikaanza kusikika hadi jikoni. Mimi bado sikuwa nimepata kazi, nikawa nakaa dakani na kulipima doa, ambalo lilishuka polepole kiasi kwamba baba alidai naona ninachotaka kuona.

Ijumaa ya kwanza baada ya siku za fungate shemeji alikwenda kula kwa Bi Mkubwa kama ilivyokubaliwa. Alirudi kabla ya alasiri, kama ilivyokubaliwa pia. Lakini begani alikuwa amebeba mto mkubwa wa usufi, na nyuma yake, ndani ya buibui, alikuwa Bi Mkubwa mwenyewe, ameshika birika lake la kahawa.

Alipita hadi ndani bila kusimama. Kisha pazia likatikisika, na sauti yake ikaniita.

"Kijana. Nimebandua lipu yangu. Nimekuja kungoja ukuta wangu ukauke. Utakauka lini?"

Nilihesabu kichwani. Nilifikiria unene wa ukuta, chumvi, ukaribu wa pwani, na upana wa mirija. Nikafikiri pia juu ya mto wa usufi, ambao mtu hauchukui kwa ziara ya jioni moja.

"Utachukua muda, Bi."

"Muda mrefu?"

"Mrefu sana, Bi."

"Vizuri," akasema, na nikamsikia akimuuliza shangazi kitanda chake kitawekwa upande gani.